Sifuri ya Mama Kaswera

Haya, wewe uliyekaa hapo, nijibu hili kwanza: jina lake lilikuwa tayari kabla mama yake hajaolewa. Baba hakulichagua, padiri hakuulizwa, na siku anazaliwa analikuta linamngoja kama kiatu mlangoni. Ni nani huyo?

Usikune kichwa, nakwambia mwenyewe. Ni mtoto wa Kinande. Kwetu Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, jina ni namba. Mtoto wa kiume wa kwanza ni Nzanzu, wa pili Kambere, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na safari inaendelea hivyo mpaka mama aseme basi. Wasichana nao wana foleni yao. Ukisikia mtu anaitwa Kakule, hujaona hata pua yake, unajua kuna kaka watatu waliomtangulia, wazima au marehemu, na kwamba kaptula yake ya kwanza ilipitia kwa wote watatu kabla ya kumfikia.

Mama Kaswera aliyajua hayo kama anavyojua njia ya kwenda jikoni. Mwalimu Octave hakuyajua. Fujo yote ilianzia hapo.

Ilikuwa miaka ile ya vita, nchi imekatwa vipande, na kila kipande kina wakubwa wake na barrière zake za kulipisha wapita njia. Mwalimu Octave alikuwa inspecteur, mkaguzi wa shule, mtu wa Mbandaka, aliyetumwa Butembo kwa wiki mbili tu. Wiki ya pili njia zikafungwa. Sasa alikuwa ametimiza mwaka wa pili wa zile wiki mbili. Mshahara haukuja, barua hazikuja. Alibaki na suruali mbili na kitabu kimoja cha mafumbo ya akili, jalada limeliwa na panya, ambacho alikisoma kila asubuhi kana kwamba ni gazeti la siku hiyo.

Mama Kaswera alikuwa mfagiaji katika depo ya paroisse, ghala la kanisa, pale walipoweka maharage na unga wa kuwapa watu waliokimbia vita upande wa Beni. Alikuwa mjane, mwenye madarasa manne ya shule na mdomo wa madarasa kumi. Basi mlinzi wa depo, mzee Ananie, akahamia kwa binti yake huko Kyavinyonge. Alisema maharage yamemchosha, sasa anataka samaki. Akaacha ufunguo, na nyuma ya depo akaacha chumba cha mlinzi, chenye mabati, dirisha, na mlango unaofungwa kwa ndani.

Kile chumba, jamani! Tangu nyumba yake ya Beni ipotee, Mama Kaswera alikuwa akilala jikoni kwa wifi yake pamoja na mbuzi wawili, na mmoja wao alikuwa na kikohozi. Asubuhi wifi alimwuliza mbuzi kwanza kama amelala vizuri, ndipo amgeukie yeye. Miaka mitatu Mama Kaswera alikuwa anafagia mbele ya ule mlango wa mlinzi, na kila siku alifagia pale mara mbili.

Abbé Malachie, padiri aliyesimamia depo, alikuwa tayari kumpa ufunguo, kazi na chumba pamoja. Lakini Mwalimu Octave akaingilia kati.

"Monsieur l'abbé, kazi ya stock inaomba intelligence. Akili inapimwa kama homa! Uniachie, nitapima bote."

Padiri, ambaye alimhurumia kwa kukosa kazi, akakubali.

Wakaja kupimwa watu kumi na mmoja. Kumi walikuwa wenyeji, na wa kumi na moja alikuwa Zorobabel, mtu wa Kindu, karani wa Serikali ambaye ofisi yake ilikuwa imebaki ukuta mmoja. Zorobabel alikuwa na diploma na kalamu tatu kwenye mfuko wa shati. Mama Kaswera alikuwa na kipande cha kalamu alichoazima kwa katekista.

Mwalimu akasoma swali la kwanza kwa sauti ya misa: "Kilo moja ya misumari na kilo moja ya manyoya ya kuku. Gani inalemea zaidi?"

Zorobabel akaandika: zinalingana. Mama Kaswera akafikiria soko, akamfikiria yule muuza misumari wa pale kwenye mteremko, akaandika kwa herufi kubwa: MANYOYA. KILO YA MISUMARI, MUUZAJI AMEISHA TOSHA MBILI NA KUZITIA MUFUKO.

Swali la pili: "Camion imebeba kuku mia moja. Imefika kwa daraja dhaifu. Dereva anapiga boksi na fimbo ili kuku baruke hewani. Je, camion inakuwa nyepesi?"

Mama Kaswera hakuhitaji hata kupumua. HAPANA. KUKU WA KUUZA WAMEFUNGWA MIGUU WAWILI WAWILI, WATARUKA NA NINI. NA UYO DEREVA BAMUFUKUZE.

Sasa likaja la tatu. Katika kitabu, swali hilo lilihusu akina Pierre na Paul. Lakini Mwalimu alikuwa na moyo mzuri, akawaonea huruma watu, akataka wajisikie nyumbani. Akaweka majina aliyoyasikia sokoni.

"Ndugu batatu. Kakule ni mukubwa kuliko Kambere. Kambere ni mukubwa kuliko Nzanzu. Nani alizaliwa wa kwanza?"

Watu kumi waliinua vichwa kwa pamoja kama mbuzi waliosikia chui.

Mama Kaswera akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Hao ndugu ni ba mama moja?"

"Mama moja, baba moja. Na candidat haulizake maswali, mama."

Basi. Angesema mama wawili, mambo yangekuwa mengine, maana kila mama anaanza foleni yake. Mama Kaswera akaandika: NZANZU. ALIYESEMA KAKULE NI MUKUBWA ALIKUWA AMEKUNYWA.

Mwalimu Octave alisahihisha mchana huo, ameketi kwenye ngazi za kanisa. Kwa swali la tatu, watu kumi waliandika Nzanzu. Kumi! Ni Zorobabel peke yake aliyeandika Kakule.

"Makambo!" Mwalimu akaruka juu. "Bamekopiana!"

"Watakopianaje?" padiri akasema. "Ulikalisha kila mutu kwa dirisha yake. Na mama muuza mukate ulimuficha nyuma ya kinanda."

"Basi ni mubaya zaidi, l'abbé. Haya ni magonjwa. Mji muzima wa bacommerçants, batu banaleta vitu toka Dubai, mais donc, hakuna mutu mwenye kujua kama mukubwa ni mukubwa!"

Karatasi zikabandikwa ukutani. Zorobabel, tatu kwa tatu. Mama Kaswera, sifuri. Hata lile la kuku alilopata kwa jibu, Mwalimu alilikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: sababu si ya kisayansi.

Mama Kaswera alisimama mbele ya ile sifuri kwa muda mrefu. Ilikuwa ya mviringo mzuri, kubwa kama sahani. Ndani yake aliona mbuzi wawili.

"Mwalimu," akamfuata, "uniambie tu. Ni mu nyumba gani Kakule anazaliwaka mbele ya Nzanzu?"

"Mu nyumba ya mutihani, mama."

"Basi mama yao ni wa kuhurumia. Alizaa kinyumenyume."

"Unaona?" Mwalimu akamgeukia padiri. "Anatania. Mutu wa akili hataniake na logique."

Padiri akautoa ufunguo shingoni, ukaning'inia kidoleni mwake. Alikuwa bado hajasoma maswali yenyewe, alikuwa ameona alama tu.

"Mwalimu, ulisema utapima, umepima. Na mimi nilitoa neno langu. Ufunguo nipatie nani?"

Mwalimu Octave akavuta pumzi na kufungua mdomo. Na papo hapo honi ikalia langoni, ndefu, kama ng'ombe aliyekanyagwa.

Camion kutoka Beni. Walikuwa wameanza safari kabla ya jua, wamelipa barrière sita, na humo ndani mlikuwa na watu, magodoro, sufuria, na kwenye kona rundo la magunia matupu ambayo dereva alitembea nayo kila safari. Watu walishuka wakiwa wamepakwa vumbi jekundu kama tofali. Swali la padiri likabaki hewani, na ufunguo ukarudi shingoni.

"Zorobabel, chukua daftari," Mwalimu akaamuru. "Mama Kaswera, pima maharagi."

Kazi ikaanza. Zorobabel aliandika vizuri sana, lazima niseme ukweli, kila jina kwenye mstari wake na mkia wa herufi umekunjwa. Mama Kaswera alichota kwa kopo, kopo moja kwa mtu mmoja, huku anasikiliza majina.

Wakafika wanaume watu wazima, vichwa vimeanza kuota mvi, kila mmoja na kofia.

"Majina?" akauliza Zorobabel.

"Nzanzu." "Kambere." "Kakule."

"Munafanana."

"Tuko ndugu. Tumbo moja."

"Batatu," akaandika Zorobabel, akapiga mstari. "Makopo matatu. Mwingine!"

Lakini kopo la Mama Kaswera lilibaki limesimama juu ya gunia. Dereva alikuwa tayari amewasha injini, anataka kurudi Beni kabla barrière hazijaanza kuwa na hasira ya jioni.

Mama Kaswera akawasogelea wale ndugu, kopo mkononi. Akaongea polepole, kwa sauti ya chini, kwa sababu miaka ile jina lililokosekana halikuwa kila mara limekosekana kwa muda mfupi.

"Ba baba, munisamehe. Na Kasereka?"

Wale watatu wakatazamana.

"Kasereka?" akasema Nzanzu. "Si alikuwa na weye, Kambere?"

"Na mimi? Nilimuachia Kakule pale Kabasha, nikienda kukojoa!"

"Mimi nilikuwa mbele na dereva! Nilisema Nzanzu njo mukubwa, atamuangalia!"

"Mutu wa miaka makumi tano, nimuangalie kama kuku?"

Camion ikaanza kusogea.

"Simamisha!" Mama Kaswera akapiga kelele, akalirusha lile kopo, likagonga mlango wa dereva na kumwaga maharage nusu ya ua. Breki zikalia. Ndugu watatu wakapanda nyuma kama nyani, wakaanza kurusha magunia matupu chini, moja, mawili, kumi. Chini ya rundo wakakuta viatu, juu ya viatu wakakuta miguu, na baada ya miguu akaja Kasereka mzimamzima, mnene, amekumbatia bidoni ya kasikisi, pombe ya ndizi, iliyokuwa tupu kama kanisa siku ya Jumatatu.

Akafungua jicho moja. "Tumefika?"

"Ulikuwa unarudi Beni, mupumbavu weye!" akalia Nzanzu. Akampiga kwa kofia, kisha akamkumbatia kwa nguvu hata bidoni ikaminywa. Kule walikotoka, nyumba zao zilikuwa zimeungua juzi. Wote wanne wakasimama wakishikana, wanacheka na kufuta macho kwa kofia, na Mama Kaswera naye akafuta kwa kitenge.

Mwalimu Octave alikuwa amesimama na mdomo wazi, namna ileile honi ilivyomwacha.

"Mama Kaswera. Ulikuwa unamujua huyu mutu?"

"Sijamuonaka ata siku moja."

"Sasa ulijuaje kama iko? Hakukuwa kwa daftari! Hakuna mutu alimutaja!"

"Mwalimu, balisema Kambere, halafu Kakule. Kati yao kuna shimo. Niliangalia ndani ya shimo."

Mwalimu hakuelewa. Akafanya alilolijua: akawapanga wale ndugu wanne kwenye mstari, akatoa karatasi ya mtihani, akawasomea swali la tatu, neno kwa neno.

"Kakule ni mukubwa kuliko Kambere..."

Hakuendelea. Kambere alimgeukia Kakule polepole.

"Ati nini? Njo yale ulimwambia huyu bwana?"

"Mimi? Sijasema kitu!"

"Tumefika leo, unajifanya mukubwa wangu mbele ya bageni?" Na kofia ya Kakule ikaruka.

"Na Kambere ni mukubwa kuliko Nzanzu," Mwalimu akamalizia kwa sauti nyembamba, na kofia ya Kambere ikaruka nayo. Ilibidi Mama Kaswera aingie katikati na ufagio.

Abbé Malachie aliichukua ile karatasi mkononi mwa Mwalimu na kuisoma kwa mara ya kwanza. Akageuka ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika, na mtu asiyemfahamu angedhani anasali.

"Mwalimu," alisema alipoweza, "hapa kwetu Nzanzu ni wa kwanza, Kambere wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Ni majina ya kuzaliwa kwa mustari. Ata mimi ningeandika Nzanzu."

Mwalimu Octave akakaa juu ya gunia la maharage. Alizitazama zile karatasi kumi ukutani, Nzanzu, Nzanzu, Nzanzu, mji mzima umejibu kwa sauti moja, naye ameupa ugonjwa.

"Lakini mimi nilijibu yenye iliandikwa," akasema Zorobabel, amekumbatia daftari. Sauti yake ilikuwa karibu na kilio, maana hata yeye alilala ofisini penye ukuta mmoja.

"Ulijibu vizuri, Zorobabel. Kabisa. Karatasi ilisema vile, na weye ulifuata karatasi." Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Leo pia ulifuata karatasi. Na mutu mumoja alikuwa anarudi Beni chini ya magunia."

Kasereka akapiga mwayo. Mama Kaswera alikuwa ameinama, anaokota maharage yake moja moja, mgongo umewageukia, kwa sababu hakutaka mtu amwone anavyosubiri.

Padiri akautoa tena ufunguo. Hakurudia swali. Aliuinua tu mbele ya Mwalimu Octave.

Mwalimu akasimama, akakung'uta suruali, akajikohoza kama siku ya kutangaza matokeo.

"Sifuri yake inabaki sifuri, l'abbé. Mimi ni inspecteur, sifutake alama," akasema. "Mupatie Mama Kaswera."