Chungu Kizingitini pa Kadhi

Mwaka mmoja kabla ya vita vya Waarabu na Wazungu, wifi yangu Zawadi alibeba chungu kichwani mpaka Kindu, nami nyuma yake nikinung'unika njia nzima.

Hamadi, bwana wake wa zamani, alimwacha huru kabla hajaolewa na marehemu kaka yangu. Mtoto wao Riziki alizaliwa baadaye, ndani ya nyumba yetu. Mimi ndiye niliyempokea. Lakini mtoto alipokua, akajua kufinyanga kama mama yake, Hamadi akadai kwamba alizaliwa utumwani, kwa hiyo ni wake. Mwamuzi wa kijijini kwetu, anayekula naye sahani moja, akampa. Tumaini lililobaki lilikuwa kadhi wa Kindu, na kumpelekea kesi iliyokwisha kukatwa kulitaka pembe ya ndovu. Zawadi hakuwa na hata jino la panya.

Ila palikuwa na desturi. Asiye na kitu hufudikiza chungu chake cha kupikia, mdomo chini, kizingitini pa kadhi, kuonyesha kwamba jikoni kwake hamna kitu. Kadhi hakiruki wala hakisogezi. Atakaa nje mpaka amsikilize mwenye chungu, na aliyepata haki akiinue.

Sasa Zawadi na haya zake aliona aibu kumpelekea mtu mkubwa chungu chenye masizi. Akafinyanga kipya, akakitia nakshi shingoni.

"Wifi, unaenda kulia shida ao unaenda harusi?" nilimwuliza.

Kadhi alipotoka msikitini alikikuta mlangoni. Hamadi naye alikuwa amefika, Riziki kando yake.

"Kadhi, hii chungu iko mupya," Hamadi akasema. "Muntu mwenye mali ya kuuza, anaanguka namna gani mu masikini?"

Watu wake wakacheka. Nilijua tumekwisha, maana alisema kweli.

Kadhi akakitazama chungu. "Unasema ni mali?"

"Njo mali, kadhi."

"Basi kinunue. Toa pembe moja."

Hamadi akatazama pembeni. "Pembe kwa chungu?"

"Kama chungu hakifiki pembe, mama huyu hana pembe."

Kisha akakusanya kanzu yake nyeupe, akaketi vumbini mbele ya Zawadi. Mtu ambaye wenye misafara humbusu mkono alikuwa amekaa chini kama muuza samaki, akimwambia wifi yangu aanze mwanzo, asiogope. Zawadi alisema yote. Hakuna aliyemkatiza.

Kadhi akaagiza msahafu. Akamtaka Hamadi aweke mkono na kuapa kwamba Riziki alizaliwa kabla mama yake hajaachwa huru. Kijijini hakuna aliyemtaka hivyo. Hamadi akanyoosha mkono, ukasimama hewani. Riziki alikuwa akimtazama. Akaurudisha, akasema miaka imemchanganya.

"Mtoto ni huru kama mama yake," kadhi akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kupiga kigelegele, nikashika mkono wa Zawadi badala yake. Niliogopa, na nilikuwa na furaha, vyote pamoja.

Kadhi alisimama lakini hakuingia. Jua lilikuwa kali, naye ni mzee, na chungu kilikuwa bado kizingitini. Alikuwa anamsubiri Riziki. Mtoto akaenda, akakiinua kwa mikono miwili, akakigeuza mdomo ukatazama juu. Kadhi akampisha apite, ndipo akaingia nyumbani kwake.