Kizimba Kitupu Kinachokunywa Kuliko Panya

Daktari wetu alikuwa na dhana moja, akiilea kama mtoto wa pekee: kwamba ulafi na ulevi ni ndugu wa tumbo moja. Anayeshindwa kujizuia mbele ya sahani, mbele ya chupa ndiyo hawezi kabisa. Na kwa kuwa sheria haimruhusu kuwafungia binadamu vizimbani akawanywesha, alituletea maabarani panya weupe ishirini na wanne, kwa utafiti wa wiki nane.

Kumi na wawili tuliwaita Walafi. Hao waliwekewa biskuti zilizopondwa na siagi na sukari nyuma ya wavu, robo saa nzima wakinusa tu bila kufikia. Kisha wavu unaondolewa. Sijapata kuona viumbe wakivamia chakula namna ile. Basi, nimeona, lakini ilikuwa harusini. Kumi na wawili waliobaki tuliwaita Wastaarabu. Walikula vidonge vyao vikavu kwa utulivu wa wakwe waliokuja kujitambulisha.

Baada ya mlo, kila kizimba kilipachikwa chupa ya spiriti iliyozimuliwa kwa maji, kwa saa mbili. Chupa ilipimwa kwenye mizani kabla na baada. Kilichopungua ndicho panya alichokunywa. Mwenye mizani alikuwa Mjomba, kaka yake mama yangu, mtunza wanyama wa pale kwa miaka ishirini na tisa. Kazi yangu mimi ilikuwa kuosha, kulisha na kumtania Mjomba.

Kulikuwa na kizimba cha ishirini na tano, chini kabisa kwenye rafu ya Walafi, iliyoshikamana na ukuta. Hicho hakikuwa na panya. Kilikuwa na trei ya maranda ya mbao sakafuni na chupa yake kama vingine. Chupa ile ilituonyesha ni kiasi gani hupotea chenyewe kwa kudondoka au kukauka, ili kitolewe kwenye hesabu za wote. Kazi nzuri kuliko zote mjini: kukaa bure na kuandikwa kwenye ripoti.

Kuanzia wiki ya tano, Walafi wakaanza kunywa kama wamefiwa. Daktari alitutangazia matokeo wakati wa chai, kipande cha nne cha keki kikiwa mkononi.

"Kiumbe aliyezoea kula bila kipimo," alisema, akijifuta siagi kwenye kidevu, "hana breki."

"Kweli kabisa, Daktari," nikasema. "Nikuongezee?"

"Kidogo tu."

Akakata kile kilichobaki chote. Sisi hatukuwa na mizani mezani, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Muhtasari wa matokeo hayo ukaruka kwenda kwenye mkutano wa watafiti. Baada ya wiki mbili likarudi swali moja dogo: kizimba kitupu kilipoteza kiasi gani? Daktari hakuwahi kukiangalia. Nani huangalia kitu kitupu? Akafungua makaratasi ya Mjomba, na pale, kwa mwandiko wake wa mviringo, akakuta kwamba namba ishirini na tano ndiye mlevi wa kwanza wa jengo zima. Ukitoa kiasi hicho kwenye hesabu, Walafi hawajanywa kitu. Watatu kati yao, kwa hesabu hiyo, walikuwa wamezijaza chupa.

Sasa, nisiwafiche: Mjomba anakunywa. Kazini wanamwita Tangi, na si kwa sababu ya maji. Kwa hiyo Daktari hakuhangaika kutafuta. Alimwita Afisa Utumishi, na asubuhi iliyofuata sote wanne tukawa ofisini kwake. Mimi niliitwa kama shahidi. Nadhani walitegemea nitacheka tu.

"Mzee," Afisa Utumishi alianza, faili limefunguliwa magotini, "spiriti ya maabara imepotea. Huo ni wizi. Wizi ni kufukuzwa, na ukifukuzwa, kiinua mgongo hakuna."

Mjomba alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu.

"Mimi sijanywa kinywaji cha panya."

"Tangi," Daktari akasema kwa sauti ya huruma, "tunajuana. Kuna njia nyepesi." Akasukuma karatasi na kalamu mbele ya Mjomba. "Andika kwamba wiki hizo tatu ulionja chupa ya ishirini na tano. Mara chache. Mimi nitakuombea upewe onyo tu. Utastaafu salama. Hesabu za kizimba hicho tutaziweka pembeni, na kazi yetu sote itapona."

Hapo ndipo nikaelewa. Mjomba akiwa mwizi, Walafi wanabaki kuwa walevi. Mjomba akiwa safi, Daktari hana utafiti. Ilibidi mmoja alewe ili mwingine apande jukwaani.

"Andika utie saini, mzee," Afisa akamhimiza. "Onyo haliui."

Mjomba alishika kalamu, akaiangalia, akaiweka chini.

"Daktari, mke wangu namdanganya kila Jumamosi. Namwambia nimekunywa mbili, na yeye anajua ni sita, tunaishi. Lakini kwenye yale makaratasi sijawahi kuandika uongo. Nikiandika leo kwamba nilikuwa naonja, kila namba niliyoandika humu miaka ishirini na tisa itakuwa ya mlevi."

"Basi iende wapi hiyo spiriti?" Daktari akafoka. "Kizimba kimekunywa chenyewe?"

"Hilo sijui," Mjomba akasema taratibu. "Ndilo linaloniua."

Mimi nami sikujua. Ila nilijua jambo moja ambalo Daktari hangelijua, kwa kuwa hajawahi kushika ufagio: maranda ya vizimba hubadilishwa kila wiki, isipokuwa ya namba ishirini na tano. Kisicho na mkazi hakichafuki, kwa nini nijisumbue? Kwa mara ya kwanza uvivu wangu ukawa ushahidi.

"Samahani, wakubwa," nikasema, "tukanuse trei moja."

Tukaenda; chupa za siku hiyo zilikuwa zimeshapachikwa. Nilipoivuta ile trei, ilikuwa nzito kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Nikaminya maranda, yakatiririsha spiriti. Afisa Utumishi akanusa, akarudi nyuma, akanusa tena, nadhani kwa uhakika zaidi.

"Iko hapa yote," akasema.

"Na imefikaje huko?" Daktari akauliza, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Kama iliyoitwa, upande wa pili wa ukuta mashine ya kufulia makoti ikaanza kukamua. Rafu ikatetemeka. Zile chupa mdomoni zina gololi ndogo. Panya akiilamba inasogea na tone linatoka. Sasa zilikuwa zikicheza zenyewe, na spiriti ikidondoka: to, to, to. Rafu yote ya Walafi ilidondosha, na namba ishirini na tano, iliyo chini kabisa, ilidondosha kama paa bovu. Rafu ya Wastaarabu, kule mlangoni, kimya.

"Hii mashine imekuwa hapa tangu lini?" Afisa akauliza.

"Tangu wiki ya tano," Mjomba akajibu. "Ilikuwa karibu na ofisi ya Daktari. Akasema kelele zake zinamkatiza mawazo."

Hakuna aliyemwangalia Daktari. Tulikuwa na adabu, na pia tulikuwa tunang'ata midomo.

Afisa Utumishi akaitoa ile karatasi ya kukiri, akaichana mara mbili, akaitia mfukoni. "Nitaandika kwamba vifaa vilivuja. Na utafiti, Daktari?"

Daktari alikaa kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa. Jina lake lilikuwa limeshachapwa kwenye ratiba ya mkutano. Mwishowe akasema, bila kuinua macho, "Nitawaandikia kwamba naondoa muhtasari. Tunaanza upya. Mzee, utaweza wiki nane nyingine?"

"Nitaweza," Mjomba akasema. "Na ukinitafuta, mimi si Tangi. Nina cheo."

"Mtunza wanyama mkuu," Daktari akanong'ona.

Walipoondoka, Mjomba aliinama kwenye rafu ya ukutani. Walafi kumi na wawili wakamjia wavuni, pua zikicheza, wakidhani ameleta biskuti.

"Jamani," akawaambia, "kesi ya ulevi imefutwa. Ya ulafi, hapo siwezi kuwatetea."