Hata Mvua Ile

...na sauti hiyo si ya santuri, Zipporah alidhani ni ya santuri, kwamba ndani ya ile sahani nyeusi ya Mwalimu Pravin mlikuwa na waimbaji wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma yake kidogo, mwenye mkwaruzo kooni, mpaka aliposikia mkwaruzo huo ukipumua karibu na sikio lake la kushoto, na kushoto kwake hakuna mtu ila Jotham, mume wake, na Jotham hasemi, Jotham hajasema sentensi hata moja tangu Februari, tangu kiharusi kilipomwangusha kwenye ngazi za stesheni ya Wembley Park, mkate ukiwa kwapani, miezi minane nyumba nzima ina maneno mawili tu, "ehe" na "kesho", unataka chai, kesho, unaumwa wapi, kesho, na sasa anaimba... anaimba kwa Kiingereza, neno kwa neno, kofia iko magotini na macho yako kwenye gramafoni, na mdomo ule ule ambao asubuhi hii ulishindwa kusema "soksi" unamwaga maneno kama bomba lililofunguliwa, Mungu wangu, Baba Jenny, una sauti, sauti ilikuwa humo ndani siku zote, na Zipporah anataka kusimama apige vigelegele mbele ya wazee hawa wote wa darasa la nyimbo la Alhamisi, amwite Mwalimu Pravin, amwite yule binti wa hospitali aliyemwambia, Mrs Kisia, nyimbo hukaa upande mwingine wa ubongo, mpeleke mahali penye music, naye akampeleka hapa, chumba cha juu cha maktaba, saa nane mchana, wiki ya nne leo, lakini anabaki kitini, kwa sababu kuna jambo jingine linapanda pamoja na furaha, linapanda taratibu kama baridi ya sakafu, na jambo hilo ni hii tuni, anaijua tuni hii... anaijua kuliko anavyolijua jina la mama yake, hii si tuni ya Wamarekani, hii ni yake.

Hapana, amesikia vibaya. Tuni hufanana, watu weusi na weupe wote wana noti saba, mwalimu mwenyewe alisema, dakika tano hazijapita, amesimama pale na sweta yake ya kahawia na kile Kiswahili chake cha Kisumu alichokuja nacho pamoja na masanduku ya santuri za duka lake, akasema, "Leo nawaletea wimbo ambao hamjausikia redioni hata siku moja, ni wa mchezo wa jukwaani wa mwaka wa thelathini na nane, New York, mchezo ulifungwa baada ya wiki mbili, lakini aliyeandika maneno haya alikuwa fundi, sikilizeni ufundi wake, hasemi nakupenda popote, neno hilo limekwisha kuchoka, anatafuta kitu kidogo cha kushika mkononi," na mzee Balbir, dereva wa basi mstaafu, akauliza huku akimenya chungwa, "Kitu gani?" na mwalimu akacheka akasema, "Mwavuli, Balbir, kijana yuko mlangoni kwa msichana, mvua inanyesha, anamwomba amwazime mwavuli, shida yake si mvua, anataka apate sababu ya kurudi," na Zipporah alisikia hayo yote kwa masikio haya, akatabasamu, akawaza ehe, kama wetu, kumbe duniani watu wanafanana... mjinga, mjinga mkubwa, alitabasamu.

Niazime mwavuli, mpenzi, usikae na mvua. Ndivyo unavyoanza wa kwake. Aliandikiwa yeye, Nairobi, mwaka wa sitini na sita, yeye mwanafunzi wa uuguzi, Jotham mhudumu wa meza kwenye hoteli ya wazungu, shati jeupe na kitambaa mkononi, na siku ile ya Aprili alikuja hosteli mvua ikimwagika, akabisha, akasimama mlangoni ametota mpaka viatu vinalia kwa maji, akasema, "Dada, niazime mwavuli," Zipporah akampa ule wake wa bluu, na baadaye ndipo akamletea wimbo, kwa Kiswahili, wala si kwa Kimaragoli chao, ili wasichana wote wa hosteli wauelewe na waumie roho, na wakaumia kweli, Margaret wa kitanda cha pili alilala na kichwa chini ya mto... na hoteli ile ilikuwa na bendi. Ilikuwa na bendi, Zipporah, mwenyewe alikuambia, bendi ya watu sita waliopigia wazungu nyimbo za zamani za Kimarekani, hata zilizosahaulika, wakila, na yeye amesimama ukutani na sinia lake, kila jioni, akisikiliza. Kwa hiyo alikuwa nao. Aliubeba kichwani wote mzima, hata ule utangulizi ambao mwalimu amesema waimbaji wengi huuruka, Jotham hakuuruka sasa hivi, aliuimba, kwa hiyo wimbo ulikuwapo kabla ya Aprili, ulikuwapo kabla ya mlango, alikuja mlangoni na wimbo tayari kichwani, basi hata kule kuomba mwavuli, hata kule kutota... alisubiri mvua? Alisimama chini ya paa la mtu akaangalia mawingu, akasema bado, haijawa kubwa, ngoja kidogo? Hata mvua ile?

Na Agosti ya mwaka jana, Stratford, harusi ya binti yao Jennifer, ukumbi umejaa watu mia mbili, alichukua maikrofoni, kwa mdomo wake mwenyewe akasema, huu niliuandika kwa ajili ya mama yenu, na Jennifer, ambaye Kiswahili anakisikia lakini humjibu mtu kwa Kiingereza, alilia mpaka wanja ukamchuruzika, "Dad, that's the most beautiful thing," na Zipporah alisimama pale na gauni lake la zambarau, akainua kidevu, watu wakimtazama mwanamke aliyeandikiwa wimbo, kidevu kile, afadhali mtu angekipiga kofi, na sasa hawezi hata kumwuliza, atamwuliza atajibiwaje, ulininyang'anya nini, Jotham, ehe, ulinidanganya, kesho, amejificha ndani ya ugonjwa na ufunguo uko ndani...

"Mama Jenny," Mwalimu Pravin ananong'ona kutoka upande wa gramafoni, macho yake yamejaa maji, "unamsikia? Mzee anaimba!" naye anaitikia kwa kichwa, namsikia, Mwalimu, kwani nina kazi gani nyingine, namsikia mpaka kwenye meno, na mwalimu hajui, anadhani machozi yake na ya Zipporah ni ya aina moja. Balbir ameacha chungwa lake, nusu limemenywa.

Halafu kuna kitu hakikai sawa. Mwisho wa mstari. Yule Mmarekani wa kwenye santuri anafika kwenye "rain", anaisimamisha noti moja, ndefu, anaifunga hapo hapo kama mtu anayefunga droo, lakini Jotham hafungi, Jotham anashuka ngazi moja zaidi, "rei-ni", kinoti kidogo cha chini ambacho santuri haina, na mstari unaofuata vivyo hivyo, Mmarekani amemaliza, Jotham bado anashuka, na Balbir anageuza shingo kutazama kosa limetoka wapi. Si kosa. Zipporah anakijua kinoti hicho, ndicho alichokipenda kuliko maneno, mvu-a, usikae na mvu-a, sauti inasimama juu kwenye mvu halafu inashuka kwenye a kama mtu anayeketi, na hapo anamkumbuka mwalimu wiki iliyopita akiandika ubaoni, Mwingereza anaumaliza mstari kwa silabi moja yenye nguvu, na anahangaika kutafuta neno lenye irabu wazi ili mwimbaji alivute, ninyi Waswahili kila neno lenu linaishia kwenye irabu, lakini nguvu yenu iko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tuni ya Kiingereza haiwaenei, itabaki silabi moja inaning'inia nje. Mhudumu wa meza wa darasa la saba. Alikaa chumbani kwake na silabi moja inaning'inia nje, kila mstari, hakuna wa kumwuliza, na akaishonea noti. Usiku ngapi? Na noti ile imemkaa mpaka sasa hata Kiingereza hawezi kukiimba bila yake... lakini hilo halimtoi mwizi kwenye wizi, Zipporah, usijifanye mwepesi, mtu akiiba koti akalipunguza mikono bado ni koti la watu.

Hasira iko pale pale. Na huku mkono wake wa kushoto, bila kumwuliza, umeshika ncha ya mkono wa koti la Jotham. Anasikiliza Kiingereza sasa, kwa mara ya kwanza anasikiliza habari yenyewe, kijana bado yuko mlangoni, anaomba, anataja paa, mtaro, viatu, anaomba tena, na mistari inakwisha, na msichana hajajibu. Hajajibu. Wimbo unaishia mlangoni. Hakuna anayerudi, fundi wa New York hakuandika kurudi, na Jotham alirudi, baada ya siku kumi na moja, mwavuli umevunjika ubavu mmoja na ameufunga kwa waya wa umeme, akasimama hosteli mchana wa jua kali, akasema, "Nimeuleta," basi, akakaa kimya, anatazama viatu, kimya mpaka wasichana wakacheka dirishani, naye Zipporah akadhani ni haya ya kijana wa kijijini, siku zote hizi amedhani ni haya... maneno yalikuwa yamemwishia. Pale ndipo maneno ya watu yalipomwishia, akabaki na uso wake, na Zipporah alisema karibu, ingia, kwa kile kimya, si kwa wimbo, wimbo ulikuja wiki mbili baadaye. Alimpenda kabla ya wimbo. Hili nalo hakulijua dakika tatu zilizopita, na halimpozi, linamtisha tu, kwa sababu kama ni hivyo, amekuwa akimsimulia kila mtu, miaka ishirini na saba, mlango usio wenyewe, ule wa mvua badala ya huu wa jua.

Sindano iko karibu na karatasi nyekundu ya katikati. Mstari wa mwisho unakuja na baada yake atanyamaza, atarudi kwenye ehe na kesho, na Mwalimu Pravin ameshainua mkono kuelekea kwenye gramafoni, na Zipporah anataka wimbo huu uvunjwe kwa nyundo na anataka usiishe kamwe, Jotham anavuta pumzi, mabega yake yanapanda ndani ya koti, na yeye, akiwa bado ameshika ncha ya mkono ule, anavuta pumzi pamoja naye, na hajui bado kama ni ya kuimba au ya kupiga kelele.