Paa la Milka

Mwenye nyumba akiniita kubadilisha paa, humwambia ukweli mapema, maana sipendi lawama. Utakula vumbi siku tatu. Panya waliozaliana kwenye nyasi watahamia kitandani kwako. Misumari itaanguka, kwa hiyo watoto wavae viatu. Na mvua ikitukuta katikati ya kazi usinitolee macho, mvua si yangu.

Hayo yote nilimwambia Milka, mjane wa marehemu Walter, mwezi wa Machi 1989, kule Seme kando ya ziwa. Akacheka. "Fundi Wepukhulu, panya nimezoea. Toa tu hiyo nyasi." Nyasi zenyewe zilikuwa zimeoza, zinavuja kama chujio. Wenzake wa kikundi cha akina mama walikuwa wamemchangia mabati ishirini, wakayaleta kichwani wakiimba. Lakini kuta zilikuwa za udongo, na ukuta wa udongo usio na paa hauvumilii mvua mbili. Ndiyo sababu nilianza kazi alfajiri.

Kufikia saa sita nyasi zote zilikuwa chini, na nilikuwa nimeanza kupigilia mbao. Nikasikia naitwa.

"Fundi! Shuka."

Alikuwa Dishon, mdogo wake Walter, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Nikauliza kuna nini.

"Wewe ni mtu ya Bungoma, hujui," mzee mmoja akaniambia, wala si kwa ubaya. "Nyumba ya mjane haiezekwi kama hajarithiwa, awe mke wa ndugu ya marehemu. Tukinyamaza, chira itamaliza hawa watoto." Chira ni ule ugonjwa wa kukonda ambao, kwa imani yao, humpata aliyevunja mwiko.

"Na nani atamrithi?"

Dishon akatazama viatu vyake. "Mimi niko."

Milka alikuwa akipika nje. Aliacha sufuria, akaja. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Shemeji, si wewe ndiye ulibeba Walter mpaka hospitali? Ulisikia daktari. Alisema ni ukimwi. Na mimi pia damu yangu walipima, iko. Sasa wewe unataka kupelekea mke wako Perez nini kwa nyumba yako?"

"Daktari hajui mambo yetu," Dishon akasema. "Hiyo ilikuwa chira. Na dawa yake ndiyo hii tunasema."

Mimi nilikuwa bado juu ya ngazi. Nyundo ninayo, misumari ninayo, mabati yale pale chini. Siku moja na nusu ningekuwa nimemaliza. Wazee wale hawakuwa na rungu wala panga, fimbo zao zilikuwa za kutembelea tu. Lakini nikafikiria mkate wangu. Ningewabishia, nani tena Seme nzima angeniita? Mimi ninayegombana na wateja kwa sababu ya msumari mmoja, siku ile nilifyata mkia. Nikashuka, nikakusanya vyombo vyangu.

"Wepukhulu, wewe piga tu," Milka akaniambia. "Mimi ndiye nilikuita, si hawa."

"Mama, mkubaliane kwanza," nikamjibu. Naona aibu hata kuyaandika maneno hayo.

Mvua ilitoka ziwani saa kumi siku ileile. Nilikuwa nimejibanza chini ya kibaraza cha duka lililo mkabala, nikaona yote. Milka aliegemeza mabati ukutani, akawaingiza watoto wake watatu chini yake. Hakuna jirani aliyewafungulia mlango, hata wale wa kikundi, kwa kuogopa chira. Ukuta mwingine, wa upande wa ziwa, ukalainika, ukainama, ukaanguka. Kesho yake ikanyesha tena.

Siku ya nne Dishon akanifuata kwangu mjini, mtaa wa Manyatta, shati limepigwa pasi.

"Fundi, rudi. Hiyo maneno imeisha."

"Imeisha vipi?"

"Mtoto mdogo alishikwa na kifua. Mama yake amekubali."

Nikarudi. Nikakandika ukuta upya, nikaezeka. Milka alinipa chakula kila mchana, lakini hakunisemesha tena. Paa lilitoka zuri sana.

Milka alizikwa mwaka wa tatu baada ya hapo. Dishon akafuata. Mwaka 1994 Perez, mjane wa Dishon, akabisha mlango wangu. Alikuwa amekonda. Alitaka nyumba yake iezekwe upya. Nikaona Mungu amenirudishia siku ile ili niirekebishe.

"Mama, nitaezeka," nikamwambia. "Na wazee wakija, sishuki. Hata wakiichoma ngazi, sishuki."

Perez akanitazama kama mtu asiyeelewa ninachosema.

"Hawawezi kuja kusumbua. Mimi nilirithiwa mwezi jana," akasema. "Ni wao wamenituma kwako. Walisema nitafute yule fundi Mbukusu wa Bungoma, ni mtu ya heshima. Yeye akiambiwa shuka, anashuka."