Pumba Ndani ya Mtindi

Alfajiri, kabla sijawasha taa, nilisikia kijiko kikigonga bakuli jikoni. Mama mkwe wangu, Nedyalka, alikuwa akikoroga pumba za ngano kwenye mtindi wake. Vijiko vitatu kila siku. Mimi ndiye niliyemwanzishia, miaka minne nyuma, choo kilipomsumbua.

Asubuhi hiyo aliteleza kwenye barafu ya kizingiti, akavunjika nyonga. Hospitalini walimtia chuma, wakamrudisha nyumbani alale.

Jioni mimi husomea uuguzi mjini Pazardzhik. Wiki ya tatu baada ya ajali, mwalimu alifika kwenye somo la utumbo. Kuna vyakula, alisema, ambavyo tumbo la mtu haliwezi kuvimeng'enya, lakini kazi zake hazifanani. Pumba hushikana na kalsiamu ya maziwa, zikatoka nayo. Ila gulia, vile viazi tunavyochimba chini ya theluji, sukari yake hufika utumbo mpana nzima nzima. Vijidudu vya huko huila na kutoa asidi, na asidi huyeyusha kalsiamu, mwili ukaipata.

Niliweka kalamu chini.

"Mama," nilimwambia usiku huo, "kosa ni langu."

"Kwani ulinisukuma?"

Nikamweleza jinsi pumba zilivyoinyima mifupa yake kalsiamu.

"Kwa hiyo maziwa ya mbuzi wangu yalikuwa yanakwenda chooni?"

"Si yote, mama."

"Nimezaa watatu, nimechuma tumbaku miaka thelathini. Wewe umekuja juzi na vijiko vyako, unataka sifa zote?"

Nilicheka. Naye alicheka, kisha akageukia ukutani, mabega yakamtikisika.

Kesho yake nilichimba gulia nyuma ya banda, nikazikwaruza, nikatia chumvi na mafuta. Mtindi nikaweka pembeni, mtupu, bila pumba.

"Hizi zinajaza upepo, Ralitsa. Nikijamba padri akija kuniombea je?"

"Atajua bado uko hai."

Alikula. Akala kila siku, hata siku ambazo tumbo lilimuuma. Nami kila siku nilimwambia Pasaka itamkuta anatembea uani. Niliamini kweli. Binti yangu Bilyana, wa miaka minne, alimbebea bakuli kwa mikono miwili.

Mwezi wa tatu tangu aanguke tulimpeleka kupigwa picha ya nyonga. Daktari aliniita kwenye korido, Bilyana akiwa ameshika sketi yangu. Chuma hakikushika mfupa, akasema. Mfupa umekonda mno, na upasuaji hauwezi kurudiwa.

Nyumbani Nedyalka aliuliza, "Amesemaje?"

"Tuendelee na gulia, mama."

"Si uliniambia!" Akajiinua kwenye mto, uso umemchangamka. "Mayai ya Pasaka nitayapaka rangi mwenyewe, nimesimama pale mezani. Nyinyi mnayachafua tu."

Nilishindwa kumtazama. Nikaanza kukunja blanketi lililokuwa limekunjwa tayari.

Bilyana alipanda kitandani, akamshika bibi yake shavu.

"Bibi, daktari amesema hutatembea tena."