Mashavu ya Mwali

Kwa kumng'arisha mwali, Kilwa Masoko nzima hakuna wa kumfikia Mwanahija. Mwenyewe anajua, na hachoki kusema. Ndiye somo wa Batuli, aliyemfunda tangu alipovunja ungo, na binti alipochumbiwa, akiwa na miaka ishirini na miwili, ndiye aliyemweka ndani na kumpaka liwa.

Ila uso ulikuwa umeumuka kama andazi, kwa vidonge vya ugonjwa wake wa mishipa.

"Vidonge hivyo," Mwanahija alisema. "Viache mpaka harusi ipite. Utakaa mbele za watu na mashavu hayo?"

Batuli akaviacha. Mwali habishani na somo wake, na ya ndani hayatoki nje, hata kwa mama.

Sasa harusi imeahirishwa, Batuli amelazwa Dar es Salaam. Ugonjwa wake huvimbisha kuta za mishipa mikubwa ya damu; mkono wa kushoto mapigo hayashikiki, na valvu ya moyo inavuja. Kesho atapasuliwa. Mama yake, Kazija, amemshika mkono Mwanahija na hataki kumwachia. Mwanahija kila akimtazama mwali wake anajiona muuaji.

Dokta Dionis akaja na majibu ya damu.

"Mishipa bado inawaka. Vidonge ulikuwa unameza kila siku?"

"Ndiyo, dokta," Batuli alijibu, macho chini.

"Basi dawa imeshindwa. Tutapasua hivyo hivyo, ingawa nyuzi hazishiki vizuri kwenye mshipa uliovimba."

Mwanahija alijua mtoto anamsitiri nani. Mdomo wake wote ule, unaoogopwa na mawifi wa mji mzima, ulifunguka kwa shida.

"Hakumeza," alisema. "Nilimkataza mimi. Uso ulikuwa unamvimba."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoingia ndani. Kabla ya Ramadhani."

Dokta alishusha pumzi. "Basi kesho hatupasui. Anaanza dawa leo. Moyo ukistahimili, tutampasua mishipa ikitulia."

Ukistahimili. Kazija aliuchomoa mkono wake, akahamia upande wa pili wa kitanda. Mwanahija alitamani atukanwe. Matusi anayajua, angeyapokea.

"Mama, usimlaumu somo," Batuli alisema, pumzi ikimkatika. "Mimi mwenyewe nilitaka kupendeza."