Haisikiki

Ofisini walimwita Masikio, na jina hilo hakulichukia. Kwa miaka kumi na tisa alikaa meza ya pili kutoka dirishani, hedifoni kichwani, akisikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuichapa neno kwa neno: bodi za shule, mabaraza ya ardhi, vyama vya ushirika, watu wanaogombana huku feni ikivuma na vikombe vikigongana. Wenzake wakishindwa kabisa, waliandika "haisikiki" kwenye mabano na kuendelea. Lakini kabla ya kushindwa kabisa walimwita yeye. Angerudisha nyuma mara mbili tatu, afumbe macho, kisha aseme, "Amesema 'ukuta', si 'ukata'. Sikilizeni tena." Wakisikiliza tena, ilikuwa ukuta kweli.

Halafu ofisi ikanunua programu inayosikiliza na kuchapa yenyewe. Mkuu wa kitengo aliwaita wote, akazungumza nao wakiwa wamesimama.

"Mashine haichoki," alisema. "Haiumwi mgongo, haiombi ruhusa."

Walibakizwa wawili, wale wadogo kuliko wote, ili wasahihishe makosa ya mashine. Masikio alipewa barua, cheti cha shukrani chenye fremu, na mfuko wa kubebea vitu vyake.

Miezi minane ikapita. Aliandika barua za maombi mpaka akazijua kwa moyo kama sala. Nyumbani, kwenye vyumba vyake viwili vya kupanga, alikuwa na paka wa kijivu wa miaka kumi na mitatu aitwaye Karani, kwa kuwa hakuona karatasi asiikalie. Kila siku saa mbili asubuhi Karani alipanda mezani, akakaa kando ya kompyuta, akamtazama mpaka naye akae. "Haya, bosi, nimefika," Masikio alimwambia, na siku ikaanza. Bila paka yule angelala mpaka mchana, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Kisha Karani akaacha kula. Daktari wa mifugo alimbonyeza tumbo, akatikisa kichwa, akasema ni figo. "Mzee amechoka. Mpe maji na umwache apumzike." Kwa wiki tatu Masikio alimnywesha maji kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, tone kwa tone, paka akikunja uso kama mgonjwa anayelazimishwa dawa chungu. Jumapili moja aliamka akamkuta ndani ya boksi lake karibu na mlango wa jikoni, amekwisha kauka.

Alimpigia mdogo wake, fundi wa redio na televisheni, mtu pekee ambaye angeweza kumweleza bila kuona haya.

"Aliondoka kimya kimya," alisema. "Hata hakulia. Nimeamka, basi."

"Afadhali, dada. Hata sisi tunaomba kufa hivyo."

Mama mwenye nyumba alimruhusu achimbe nyuma ya tangi la maji, akamwazima na jembe. Udongo ulikuwa mgumu, ikamchukua saa nzima. Alipomaliza alinawa mikono, akakaa kwenye ngazi, hakujua afanye nini na siku iliyobaki. Ukifiwa na mtu, watu huja wakakaa. Ukifiwa na paka unaambiwa utapata mwingine, kana kwamba umevunja sahani. Wifi yake, mke wa yule fundi, alisema hivyo hivyo kwenye simu: "Paka wameisha duniani, wifi? Jumamosi nakuletea mtoto wa paka."

"Usilete," Masikio alijibu. "Tafadhali, usilete."

Jumatatu ikaja barua pepe. Kampuni fulani ilitafuta watu wa kuchapa rekodi mbaya, zile ambazo mashine imezishindwa. Masikio aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Kwa mara ya kwanza katika miezi minane mtu alitaka kitu alichokuwa nacho. Walimtumia rekodi ya majaribio ya dakika ishirini. Kazi irudishwe Alhamisi, saa sita mchana. Faili lilikuwa halifunguki kwenye simu, ila ndani ya programu yao, kwenye kompyuta tu. Aliiweka hiyo programu, akavuta kiti, akabonyeza.

Mstari wa muda ulianza kutembea kwenye kioo. Sauti hakuna.

Akapandisha sauti mpaka mwisho. Akatazama kama alama ya spika imepigwa msalaba, haikupigwa. Akafungua wimbo, kisha video, kisha ule mlio wa kupimia spika. Kimya. Akaizima kompyuta na kuiwasha upya mara nne. Akachomeka hedifoni zake mpya. Hazikuingia mpaka mwisho, na hazikutoa kitu. Jioni ile na siku nzima ya Jumanne alisoma mtandaoni ushauri wa watu asiowajua: futa programu inayoendesha sauti, irudishe, badilisha hiki, ondoa alama kwenye kile. Alifuta, akarudisha, akabadilisha, akaondoa. Alikwenda kwenye duka la kukodisha kompyuta, wakamwambia hawaruhusu mteja aweke programu yake. Akarudi nyumbani, akauegemeza uso mezani pale pale alipokuwa akikaa Karani. Palikuwa pamebaki manyoya machache. Hakuyafuta.

Alimpigia fundi, ambaye alikuwa na kazi nje ya mji, akafika Jumatano alasiri, akiwa na mkewe.

"Ulisema nyumba haina sauti," alisema mlangoni. "Nimekuletea wifi. Huyu anatosha mtaa mzima."

"Mimi ndiye ninayekupa wewe la kusema," mkewe alijibu, akapita moja kwa moja jikoni kuosha vyombo ambavyo hakuombwa kuviosha.

Fundi alikaa mbele ya kompyuta, akagusa hapa na pale, akacheka.

"Dada, hii mashine ni nzima. Inadhani umevaa hedifoni. Ona, imeandika hapa. Kwa hiyo spika imezinyamazisha, sauti yote inaipeleka kwenye tundu."

"Sijavaa kitu."

"Wewe unajua hujavaa. Yeye hajui." Akawasha tochi ya simu, akaliinamia tundu la hedifoni ubavuni mwa kompyuta. "Ahaa. Kuna ncha ya chuma imekatikia humu ndani. Zile hedifoni zako za zamani ziko wapi?"

Masikio alikumbuka. Wiki mbili nyuma, Karani alijaribu kupanda mezani na miguu yake haikuwa na nguvu tena. Alining'inia kwenye waya wa hedifoni, akaanguka nao. Masikio alimkimbilia yeye. Hedifoni aliziona zimevunjika, akazitupa bila kuzitazama mara mbili.

"Ni Karani," alisema.

Fundi alifungua mkoba wake. Alipaka tone dogo la gundi kwenye ncha ya kijiti, akakiingiza tunduni kwa mkono usiotikisika, akahesabu kimoyomoyo, kisha akavuta taratibu. Kipande cha chuma kikatoka, kidogo kuliko punje ya mchele, kimezingirwa na manyoya ya kijivu. "Kumbe alikuwa mshirika wa uharibifu," alisema, na kabla Masikio hajanyoosha mkono, akaupuliza uchafu ule, ukaanguka sakafuni. Wifi alikuwa ameshika ufagio. Mara moja tu, pwaa, akaupeleka mlangoni pamoja na vumbi.

Masikio aliufuata ufagio kwa macho mpaka mlangoni.

Fundi alibonyeza. Chumba kikajaa kelele za mkutano, watu wakikatizana maneno.

"Punguza! Punguza!" wifi alipiga kelele, ufagio ukimdondoka. Fundi aliziba sikio moja, akateremsha sauti. Masikio aliwatazama wote wawili. Yeye hakuona kama ilikuwa juu kiasi hicho.

Walipoondoka alikwisha chapa dakika ya kwanza. Alhamisi aliamka mapema, akavaa hedifoni, akaendelea. Watu sita walibishana juu ya mfereji uliozibwa. Wanaume watatu wenye sauti nzito aliwapata bila shida. Lakini kulikuwa na mwanamke, na ndiye aliyekuwa na hoja. Alisema haraka, kwa sauti nyembamba, na kila sentensi yake ilimfikia Masikio ikiwa imeliwa kingo. Alirudisha nyuma mara tatu. Mara kumi. Alifumba macho kama zamani. "Sisi" au "fisi"? "Fika" au "shika"? Aliilaumu rekodi, akazilaumu hedifoni, akailaumu gundi ya mdogo wake. Alizima feni, akafunga dirisha, akatoa jasho.

Saa tano na nusu alianza kuandika neno ambalo kwa miaka kumi na tisa aliliona kuwa la wavivu. (Haisikiki). Akaliandika tena. Alipoituma kazi, dakika tano kabla ya saa sita, alikuwa ameliandika mara thelathini na moja. Hakuhitaji kuambiwa.

Aliambiwa, hata hivyo, siku ya Ijumaa. Walimshukuru kwa muda wake. Waliandika kwamba walihitaji mtu mwenye usikivu wa kiwango cha juu zaidi, na wakamtakia kila la heri.

Jumamosi alikuwa akianika nguo mbili tatu uani, mama mwenye nyumba akaja na beseni lake.

"Pole na yule paka," alisema. "Sijakuona tangu siku ile."

"Nimeshapoa, mama. Alikuwa mzee. Na hakuteseka, alikwenda kimya kimya."

Mama mwenye nyumba alimwangalia kwa mshangao.

"Kimya? Mwanangu, alilia. Alfajiri ile alilia mpaka nikajifunua shuka. Nikamwambia mzee wangu, niende nikambishie hodi? Akasema, acha, si yuko ndani naye, huenda anamshughulikia." Alisita, nguo mkononi. "Hukuwa ndani?"

Kati ya boksi la Karani na kitanda chake palikuwa na hatua sita, na mlango usiofungwa.

"Nilikuwepo," Masikio alisema.

Alitia kibanio cha mwisho kwenye kamba, akaingia ndani, akakaa chini sakafuni, mahali boksi lilipokuwa. Hakulia. Alitaka kulia, na ilikuwa kama kujaribu kupiga chafya iliyokataa. Alikaa pale mpaka nguo zilipokauka, na hakwenda kuzianua.

Wiki iliyofuata wifi alimpeleka hospitali. Masikio hakumweleza sababu. Alisema tu masikio yanamsumbua. Mpimaji, kijana mpole mwenye miwani, alimkalisha ndani ya kijumba cha kioo, akamvika hedifoni, akampa kitufe. "Kila ukisikia mlio, bonyeza. Hata ukiwa hafifu."

Masikio alibonyeza, akabonyeza, kisha akangoja. Aliona mpimaji amepumzika, naye akapumzika. Baadaye ndipo alipogundua, kupitia kioo, kwamba kidole cha mpimaji kilikuwa kinabofya bila kukoma, na macho yake yalikuwa yakimtazama yeye.

Baadaye mpimaji alimwonyesha mchoro. Mstari ulianza vizuri upande wa kushoto, kisha ukateremka kama njia ya mlimani.

"Sauti nene unazipata. Nyembamba ndizo zimekwenda, na zilianza kwenda siku nyingi. Mlio wa simu iliyo chumba cha pili, ndege, mtoto mchanga."

"Paka je?"

Mpimaji alitabasamu, akidhani ni mzaha. "Paka pia, hasa ukiwa umelala. Ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Ya kusikiliza," alisema.

Alielezwa kwamba kilichokwenda hakirudi. Kuna kifaa cha kuvaa sikioni, lakini foleni yake ni ndefu, na wanaotangulia ni watoto wa shule na walio kazini. Aliandika jina lake. Mpimaji alimwambia asikate tamaa, kwa sauti kubwa na midomo ikitamka kila herufi, kama watu wanavyosema na wazee.

Nje, wifi alikuwa amekaa kwenye benchi. "Wamesemaje?"

Masikio alimpa karatasi. Kisha akasema yale ambayo hakuwa amemwambia mtu. "Karani alilia, wifi. Alfajiri nzima. Nilikuwa hatua sita, sikumsikia. Na mimi nimezunguka nikisema alikwenda kimya."

Wifi aliikunja karatasi ile mara mbili. Alichukua mkoba wa Masikio, akautia begani kwake juu ya ule wake, wakatoka hivyo mpaka barabarani.

Mwezi uliofuata mdogo wake alimtafutia kazi ya asubuhi tatu kwa wiki, kwenye duka la rafiki yake la kutoa nakala. Wateja huleta karatasi, huonyesha kwa vidole idadi wanayotaka, na mashine inavuma muda wote. Si kazi yenye mkataba, na mwenye duka amekwisha sema biashara ikipungua hataweza kuwa naye. Masikio hufika saa mbili kamili. Mteja akimsemesha akiwa amempa mgongo, yeye huendelea kupanga karatasi, na mwenye duka humwambia mteja, "Mguse bega."